Lagos, Februari 1976: mechi ya tenisi iliyokatizwa na bunduki

MWESO, Masisi – Kila mwaka mwezi wa Januari, baada ya habari za vita na matokeo ya mpira wa miguu, redio hutoa sentensi mbili tatu juu ya tenisi. Ni mwanzo wa msimu wao. Wachezaji wa kulipwa wanakutana Melbourne, Australia, na majina magumu yanapita haraka kabla ya hali ya hewa. Wengi hawayashiki. Mwaka 2022 masikio ya Waswahili yalisimama kidogo, kwa sababu kati ya vijana waliocheza kule kulikuwa na msichana wa Kenya, Angella Okutoyi, na alishinda. Halafu habari zikaendelea.

Januari 2024 mashindano hayo ya Melbourne yalianza tarehe 14 na kumalizika tarehe 28. Siku ya mwisho Jannik Sinner wa Italia alipoteza seti mbili za kwanza mbele ya Daniil Medvedev, kisha akashinda tatu zilizofuata na kuwa bingwa. Mashabiki wa tenisi watakumbuka tarehe hiyo kwa ajili ya Sinner. Watu wa Mweso wanakumbuka tarehe nyingine ya wiki hiyohiyo: Januari 25, mabomu yalipoanguka katikati ya mji na kuua raia. Familia nyingi zilikuwa barabarani, upande wa Kitshanga, upande wa Kalembe, na mizigo kichwani. Aliyekuwa na redio alikuwa anatafuta kujua barabara ipi iko wazi, si nani ameshinda seti ya tatu.

Inaonekana kwamba tenisi na vita ni dunia mbili zisizokutana. Lakini ziliwahi kukutana, uwanjani kabisa, mbele ya watazamaji waliolipa tiketi. Ilitokea Lagos, Nigeria, mwezi wa Februari 1976.

Kwa asiyeujua mchezo, maneno machache. Tenisi haina saa. Mpira wa miguu una dakika 90 na filimbi ya mwisho. Tenisi inaendelea mpaka mmoja ashinde. Pointi zinahesabiwa 15, 30, 40, halafu gemu. Gemu sita zinafanya seti. Mtu anaweza kucheza saa moja au saa tano. Kwa hiyo mechi ya tenisi ikikatizwa, hakuna anayeweza kusema kwamba ilikuwa karibu kuisha na tuhesabu matokeo yaliyopo. Ni lazima imalizwe, leo au kesho, hapa au pengine.

Miaka hiyo ya 1970 wachezaji wa kulipwa wengi walikuwa chini ya kampuni ya Marekani iliyoitwa WCT, ya tajiri wa Texas, Lamar Hunt. Msimu wao ulianza Januari. Walisafiri kutoka mji hadi mji, wiki kwa wiki, wakikusanya pointi, na mwezi wa Mei wanane bora walikutana Dallas. Mwaka 1976 mji mmoja mpya uliingia katika ratiba hiyo: Lagos. Mashindano hayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya tenisi ya kulipwa katika Afrika ya watu weusi.

Kwa nini Lagos? Wazee wa hapa Kivu wanaokumbuka enzi ya Zaire hawatashangaa. Oktoba 30, 1974, Kinshasa ilipokea ngumi za Muhammad Ali na George Foreman, na dunia nzima ikajifunza jina la uwanja wa 20 Mai. Mobutu alitaka nchi ionekane, na ikaonekana. Nigeria nayo ilikuwa na pesa, kwa sababu bei ya mafuta ilipanda sana baada ya 1973. Mwaka huohuo wa 1973, Januari, Lagos ilikuwa imepokea Michezo ya Afrika Nzima. Tamasha kubwa la sanaa la watu weusi, FESTAC, lilikuwa linatayarishwa na lilifanyika mwaka 1977. Kuleta tenisi ya kulipwa kulikuwa njia nyingine ya kusema: sisi pia tuna nafasi.

Na mgeni mkubwa wa mashindano hayo alikuwa Arthur Ashe.

Ashe alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1943, mji ambao mtoto mweusi hakuruhusiwa kucheza katika viwanja vya wazungu. Mwaka 1968 alishinda mashindano makubwa ya Marekani. Mwaka 1970, mwanzoni mwa msimu, alishinda ya Australia. Julai 1975 aliwashangaza wote kule Wimbledon, Uingereza, kwa kumshinda Jimmy Connors, kijana ambaye kila mtu alisema hashindiki. Connors alipiga mpira kwa nguvu. Ashe akampelekea mipira ya polepole, ya chini, isiyo na nguvu ya kuazima. Wakati wa kupumzika aliketi kwenye kiti amefumba macho, kimya, kama mtu anayesali. Watu weusi wengi duniani walioona picha zile hawakujali sheria za tenisi. Walimwona mtu wao.

Mwanzo wa 1976 ulikuwa mzuri kwake. Kabla ya kufika Lagos alikuwa ameshashinda Columbus, Indianapolis na Richmond, mji wake wa kuzaliwa.

Afrika haikuwa ngeni kwake. Mwaka 1971 alipita Yaoundé, Cameroon, akacheza na mtoto wa miaka 11 aliyempigia mipira mizuri kuliko alivyotarajia. Ashe alimwarifu Philippe Chatrier, kiongozi wa tenisi ya Ufaransa. Mtoto akapelekwa Nice kusoma na kujifunza. Jina lake Yannick Noah, na mwaka 1983 alikuwa bingwa wa Roland-Garros, Paris. Afrika Kusini, kwa upande mwingine, ilimkatalia Ashe viza mara kwa mara kwa sababu ya rangi yake na maneno yake dhidi ya ubaguzi. Ilimruhusu kwa mara ya kwanza mwaka 1973. Alipokwenda Johannesburg alifika fainali na kushindwa na Connors, lakini alishinda mechi za wawili wawili pamoja na Mholanzi Tom Okker.

Basi Lagos ilipaswa kuwa raha kwake: nchi huru, inayotawaliwa na watu weusi, inayopinga ubaguzi kwa sauti kubwa kuliko nyingine nyingi. Ndiyo maana yaliyotokea yanauma zaidi.

Mtawala wa Nigeria wakati huo alikuwa Jenerali Murtala Mohammed. Aliingia madarakani Julai 29, 1975, wakati mtangulizi wake, Jenerali Gowon, yuko Kampala kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika. Gowon aliondoka nyumbani rais na kusikia akiwa Uganda kwamba si rais tena. Murtala alikuwa na haraka. Alifukuza maelfu ya watumishi wa serikali, akaamua makao makuu yahamie Abuja, akagawa nchi katika majimbo 19. Januari 1976, kule Addis Ababa, alisimama mbele ya marais wenzake na kuisema Marekani waziwazi juu ya Angola. Zaire ilikuwa upande mwingine katika jambo hilo, jambo ambalo redio ya Kinshasa haikuficha. Alipendwa na watu wa kawaida pia kwa sababu hakupenda msafara mrefu. Alipita Lagos kwa gari lake, katika msongamano, kama wengine.

Hapo ndipo walipomngojea. Ijumaa asubuhi, Februari 13, 1976, gari lake, Mercedes nyeusi, lilikuwa limekwama barabarani Ikoyi. Wanajeshi walilimiminia risasi. Murtala alikufa, na msaidizi wake Luteni Akinsehinwa alikufa pamoja naye.

Muda mfupi baadaye Luteni Kanali Buka Suka Dimka aliingia redioni na kutangaza mapinduzi. Aliwaambia watu wabaki karibu na redio zao. Alisema mipaka, viwanja vya ndege na bandari vimefungwa. Na akatangaza amri ya kutotoka nje, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Yaani mchana! Watu wa Lagos walitazamana. Amri ya kutotoka nje ni ya usiku, kila aliyewahi kuishi chini ya amri hiyo anajua. Wanigeria wanalisimulia kosa hilo mpaka leo, na wengi waliona palepale kwamba wenye mapinduzi hawakuwa wamejipanga. Kabla ya jua kutua jeshi lililobaki na serikali lilikuwa limeyazima. Dimka alikimbia. Kesho yake Olusegun Obasanjo alishika uongozi, na nchi iliwekwa katika siku saba za maombolezo.

Na wachezaji wa tenisi? Walikuwa katikati ya mashindano. Mchezo ulisimama. Hawakuweza kuondoka kwa sababu uwanja wa ndege ulifungwa. Hali hiyo mtu wa Mweso haihitaji kuelezwa: uko mahali, barabara zimefungwa, kila mwenye bunduki ana amri yake, na habari pekee ni ya redio ambayo huwezi kuiamini. Tofauti ni kwamba hao walikuwa na pasipoti ya nchi yenye nguvu na ubalozi uliojua majina yao.

Baada ya siku chache iliamuliwa mechi ziendelee. Hapa ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu watu wengi wanaosimulia kisa hiki wanapita hapa mbio ili wafike kwenye bunduki. Nchi ilikuwa katika matanga. Maombolezo ya siku saba hayakuwa yameisha. Lakini ratiba ya WCT haikungoja. Roma ilikuwa mbele, Rotterdam nyuma yake. Fedha za zawadi zilikuwepo, tiketi zimeuzwa, wachezaji wako mjini na hawana kazi nyingine. Kila sababu, ukiitazama peke yake, ina maana. Ukiziweka pamoja mbele ya mji uliofiwa, zinakuwa na harufu nyingine.

Katika vijiji vya Masisi, mtu akifa, jirani hapigi muziki. Moto unawashwa nje, watu wanalala kwa wafiwa, na vijana wanaotaka kucheza mpira wanakwenda mbali au wanangoja. Hakuna polisi anayesimamia hilo. Likivunjwa, mzee mmoja anakwenda kusema, na inatosha.

Lagos hakwenda mzee. Walikwenda askari.

Ashe alikuwa anacheza nusu fainali na Mmarekani mwenzake, Jeff Borowiak, katika klabu ya tenisi ya Lagos. Askari wenye silaha waliingia uwanjani mchezo ukiendelea. Walikuwa na hasira, na sababu ya hasira yao ilieleweka: taifa linalia, hapa watu wanacheza na kupata pesa. Waliwaelekezea bunduki wachezaji na kuwaamuru watoke. Hakuna kubishana na refa katika hali kama hiyo. Bingwa wa Wimbledon, mtu aliyepigania miaka mingi kuruhusiwa kuingia Johannesburg, alitolewa uwanjani Lagos na mtutu wa bunduki, na aliyeushika alikuwa mtu mweusi kama yeye. Watazamaji walitawanyika. Kila mmoja alitafuta njia yake.

Wachezaji waliondoka Nigeria. Lakini, kama ilivyosemwa, mechi ya tenisi ni lazima iishe. Mechi zilizobaki za Lagos zilichezwa Caracas, Venezuela, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, na huko Dick Stockton alimshinda Ashe katika fainali. Ukifungua orodha za mabingwa utamkuta Stockton kama bingwa wa Lagos wa mwaka 1976. Ni kweli, ila mpira wa mwisho wa Lagos ulidunda Amerika ya Kusini, mbele ya watu ambao hawakununua tiketi ya Lagos. Ashe yeye alishinda Roma na Rotterdam. Miaka iliyofuata mwili wake ulianza kumsumbua, kisigino kwanza, halafu moyo. Alikufa Februari 6, 1993, kwa UKIMWI alioupata katika damu aliyoongezewa hospitalini.

Kisa hiki kwa kawaida kinasimuliwa kama ajabu ya Afrika: wazungu na weusi wa Marekani walikwenda kucheza, wakakuta mapinduzi, wakaponea chupuchupu. Wasimulizi wanawafuata wachezaji mpaka kwenye ndege, na ndege ikiruka hadithi inaisha. Waliobaki chini hawaulizwi. Lakini ni wao waliokuwa na hasara mbili kwa wiki moja. Walipoteza mtawala waliyempenda, katika barabara wanayopita kila siku. Kisha, wale wachache waliopata tiketi, ambao labda waliona saa mbili za kutazama mpira wa kijani au mweupe ukivuka wavu kama pumziko la kichwa, walifukuzwa kama wakosaji.

Je, walikosea kwenda kutazama? Wapo watakaosema ndiyo, na hoja yao ina uzito; matanga ni matanga. Askari wale hawakubuni neno lao. Waliuliza swali ambalo mama yeyote mwenye heshima angeliuliza. Kosa ni kwamba waliliuliza kwa bunduki, siku tatu nne baada ya bunduki kumuua mtu yule waliyedai kumlilia. Na waliowajibika kujibu, wale waliopanga mechi ziendelee, hawakuwa uwanjani na raketi mkononi. Waliosimama mbele ya mitutu ni Ashe na Borowiak, na watu wenye tiketi.

Katika makambi ambayo familia za Mweso zimepitia, swali hilohilo limekuwa likiulizwa bila bunduki. Watoto wanafunga mifuko ya plastiki kwa kamba wanapata mpira, wanacheza kati ya mahema, na hema la jirani lina msiba. Mara nyingine mama anatoka na kuwafukuza. Mara nyingine anawaacha, anatazama. Haijulikani mapema atafanya lipi, na watoto wamejifunza kutazama uso wake kwanza kabla ya kupiga mpira.

Kuna tofauti moja. Lagos, wachezaji walihama na watazamaji wakabaki. Mweso, ni watazamaji waliohama. Uwanja umebaki mahali pake, na timu zilizokuwa zinacheza Jumapili zina golikipa Kashuga, beki Goma, na wengine hawajulikani waliko. Mechi zao nazo hazikuisha, na hakuna kampuni ya Texas ya kuzipeleka Caracas.

Tenisi ya kulipwa ilirudi Lagos miaka iliyofuata. Mwaka 1983, mwaka uleule wa Noah kule Paris, kijana wa Nigeria, Nduka Odizor, alikwenda Wimbledon na kumtoa Guillermo Vilas wa Argentina, mmoja wa wakubwa wa wakati ule. Odizor alikuwa nyuma seti mbili kwa bila. Alizirudisha zote na kushinda ya tano, kisha akaendelea mpaka raundi ya nne. Alikuwa kijana wa miaka 17 wakati askari walipoingia uwanjani.

Dimka alikamatwa Machi 1976 na kuuawa kwa risasi mwezi wa Mei, pamoja na wengine waliohukumiwa kwa kesi hiyo. Obasanjo aliwaachia raia madaraka Oktoba 1, 1979. Sura ya Murtala Mohammed iliwekwa kwenye noti ya naira 20, na uwanja wa ndege wa Lagos unaitwa kwa jina lake, kwa hiyo kila mchezaji anayeshuka Lagos leo anashuka kwa Murtala.

Gari lake limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Onikan. Klabu ya tenisi ya Lagos, iliyoanzishwa mwaka 1895, iko Onikan pia. Mgeni mwenye miguu mizuri anaweza kuona vyote viwili asubuhi moja: Mercedes nyeusi yenye matundu ya risasi, na uwanja ambapo nusu fainali ya Ashe na Borowiak ilianza.